Taarifa ya Mwaka ya Muuza Maziwa na Homa Isiyokwisha

Mgonjwa wa namna hii anajulikana kwa kila aliyewahi kufanya kazi ya zahanati kati ya Kahama na Geita. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola. Analalamikia homa inayopanda jioni na kushuka asubuhi, jasho jingi la usiku, maumivu ya kiuno na ya viungo, na uchovu unaomfanya ashindwe kushuka kwenye duara. Ameshameza dawa ya malaria mara mbili. Ameshatibiwa taifodi mara moja, kwa majibu ya kipimo ambacho sisi wenyewe tunaujua udhaifu wake. Homa inapoa siku chache, kisha inarudi. Mwezi wa pili unapoingia, jamaa zake wanaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Swali ambalo mara nyingi haulizwi ni jepesi: anakunywa maziwa ya wapi, na je, huwa yamechemshwa? Akiulizwa, atasema hununua kikombe kila asubuhi kwa mama mmoja karibu na karasha, na kwamba mama huyo huletewa na kijana wa baiskeli. Hapo mazungumzo hukatika, kwa sababu zaidi ya kijana wa baiskeli hakuna ajuaye maziwa yametoka kwenye zizi gani. Makala haya yanahusu sehemu hiyo iliyokatika. Yanaeleza kumbukumbu na taarifa ambazo mtu mwenye leseni ya kushughulika na maziwa huzikamilisha mwaka hadi mwaka, jinsi zinavyojengwa, na sababu za mhudumu wa afya kuziona kuwa ni karatasi zake pia.

Wajibu wa mwenye leseni

Bodi ya Maziwa Tanzania iliundwa kwa Sheria ya Maziwa Na. 8 ya mwaka 2004. Sheria hiyo iliweka utaratibu wa kuwasajili wadau wa sekta, kuanzia mzalishaji na mkusanyaji hadi msindikaji na muuzaji, na ikaweka pia baraza la wadau linalokutana kila mwaka. Anayedhani kwamba utaratibu huu unawahusu wenye viwanda peke yao amekosea. Mwenye banda la kukusanyia maziwa Katoro, anayepokea lita hamsini kwa siku na kuzigawa kwa migahawa na mama lishe, yumo ndani yake sawasawa na mwenye mtambo.

Kando ya usajili huo zipo nyaraka nyingine. Leseni ya biashara huhuishwa kila baada ya miezi 12. Masuala ya usalama wa chakula, ambayo zamani yalikuwa mikononi mwa TFDA, yalihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019, na TFDA yenyewe ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi 6. Kwa upande wa zizi kuna Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003, na Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010, ambayo shabaha yake ni kwamba mnyama na mazao yake yaweze kufuatiliwa hadi yalikotoka.

Kwa hiyo, kile ambacho wafanyabiashara hukiita kwa mkato "taarifa ya mwaka" ni mkusanyiko wa majibu kwa maswali ya ofisi kadhaa: nani aliyekuletea maziwa, kiasi gani, ulimuuzia nani, wafanyakazi wako ni wazima, jengo lako na vyombo vyako vina hali gani. Fomu hubadilika, na ada nazo hubadilika. Mwenye leseni mwenye busara huenda katika ofisi ya mifugo ya halmashauri yake mwanzoni mwa mwaka, akachukua fomu zinazotumika, akazisoma kabla hajaanza kuandika kitabu, ili atakachoandika kila siku kilingane na atakachoulizwa mwishoni. Wengi hufanya kinyume. Hungoja leseni ikaribie kwisha, ndipo wanapoanza kukumbuka lita za mwaka mzima.

Majirani zetu wamelitazama jambo hili kwa uzito wake. Nchini Kenya, kanuni za sekta ya maziwa zilizotolewa mwaka 2021 zina kanuni ya peke yake inayohusu marejesho na taarifa, na nyingine inayohusu ufuatiliaji wa maziwa na kuyaondoa sokoni yanapogundulika kuwa na hitilafu. Kuziweka kanuni hizo mbili katika kundi moja kuna maana. Huwezi kuyarudisha maziwa ambayo hukuandika yalikokwenda.

Taarifa huzaliwa kila asubuhi

Mhudumu wa zahanati ataielewa kazi hii upesi akikumbuka vitabu vyake vya MTUHA. Taarifa ya mwezi haiandikwi mwisho wa mwezi. Huandikwa kila mgonjwa anapoingia mlangoni, na mwisho wa mwezi huwa ni kujumlisha tu. Mwenzetu wa maziwa naye yumo katika hali hiyo hiyo, isipokuwa yeye hana kitabu kilichochapwa na wizara. Ana kaunta buku, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na mikono yenye maji.

Kitabu hicho kinahitaji mambo machache, lakini kila siku. Tarehe na saa. Jina la mfugaji na kitongoji chake. Lita zilizopokelewa. Usomaji wa laktomita. Lita zilizokataliwa na sababu. Lita zilizouzwa na jina la mnunuzi wa jumla. Katika ukurasa wa nyuma huwekwa mambo yasiyotokea kila siku: tarehe ya kuosha tangi kwa dawa, tarehe ya cheti cha afya cha kila mfanyakazi, na ng'ombe wa mfugaji gani aliyechomwa sindano na ya dawa gani, ili maziwa yake yasipokelewe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zimalizike.

Kitabu cha kweli kina sura yake, na mkaguzi aliyezoea huitambua. Katika ukanda huu mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha kati ya Aprili na Mei. Baada ya hapo malisho hukauka, maji huwa mbali, na ng'ombe wa asili wa Usukuma hupunguza maziwa hadi kubaki ya ndama na ya watoto wa nyumbani. Hivyo basi, taarifa inayoonyesha lita 40 kila siku, Januari hadi Desemba, yaani lita 14,600 kamili kwa mwaka, imeandikwa usiku mmoja. Na ikiwa lita za Septemba kweli hazikupungua, itabidi mtu aulize ni kitu gani kilichojaza pengo hilo.

Mara nyingi kilichojaza ni maji. Maziwa halisi ya ng'ombe, kwa kiwango cha Afrika Mashariki, yana uzito wa gramu 1.028 hadi 1.036 kwa mililita katika nyuzijoto 20, na laktomita husoma 28 hadi 36. Maji yakiongezwa, usomaji hushuka. Mnunuzi huona ameibiwa fedha. Mganga anaona jambo jingine. Katika vijiji vya uchimbaji, maji yaliyo karibu zaidi huenda yametoka kisima kilicho chini ya mwalo wa kuoshea dhahabu.

Safu ya maziwa yaliyokataliwa

Katika kitabu chote, safu inayomfaa mganga kuliko zote ndiyo wafanyabiashara wengi huiacha wazi: maziwa yaliyokataliwa. Wanaogopa kwamba afisa akiona mwezi mmoja umekuwa na lita 200 zilizomwagwa, atadhani biashara yao ni chafu. Wengine wanaogopa zaidi mfugaji, ambaye ni jirani au shemeji, atakayesikia kwamba jina lake liko kitabuni.

Nionavyo mimi, afisa anayeigeuza safu hiyo kuwa ungamo la kosa anajiharibia kazi mwenyewe. Mwaka utakaofuata ataletewa kurasa safi zisizo na doa hata moja, na hatajua lolote. Kituo kinachokataa maziwa ndicho kinachopima. Kituo ambacho kwa miezi 12 hakikukataa hata lita moja, katika nchi ya jua kali na baiskeli, hakipimi.

Sababu ya kukataa ni lazima iandikwe kwa neno lake, kwa kuwa kila sababu inapeleka ujumbe kwa mtu tofauti. Maziwa yaliyokatika kwenye kipimo cha alkoholi yamechachuka: yalikaa muda mrefu bila kupozwa, au chombo kilikuwa kichafu. Usomaji mdogo wa laktomita unamhusu aliyeongeza maji. Mabonge, damu au usaha ni ugonjwa wa kiwele, na anayepaswa kuitwa ni mtaalamu wa mifugo. Harufu ya dawa au ya kemikali inataka maswali makali kuhusu dumu lililotumika.

Hapa kuna jambo linalopaswa kusemwa waziwazi kwa wapokeaji wa maziwa, kwa sababu vipimo vya mlangoni huwapa wengi imani kupita kiasi. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachogundua brusela. Maziwa yenye vimelea vya brusela yanaweza kuwa meupe, matamu, mazito ipasavyo, yakapita laktomita na alkoholi bila shida. Vivyo hivyo maziwa ya ng'ombe mwenye kifua kikuu. Dalili ya brusela huonekana zizini: ng'ombe aliyetupa mimba ikiwa kubwa, kondo la nyuma lililobaki, fahali aliyevimba korodani, ndama waliozaliwa dhaifu. Ndiyo maana kitabu cha maziwa kinapaswa kuwa na safu ya kuuliza habari za zizi, hata kama ni mara moja kwa mwezi: "Kuna ng'ombe aliyetupa mimba?" Jibu la ndiyo, likiandikwa na kupelekwa kwa afisa mifugo, lina thamani kuliko usomaji wa laktomita wa juma zima. Maabara za mifugo zina kipimo cha pete ya maziwa, ambacho huchunguza maziwa yaliyochanganywa ya kundi zima kabla ya kuhangaika na ng'ombe mmoja mmoja. Na Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Mwanza, si mbali na eneo letu.

Vyeti vya afya vya wanaoshika maziwa

Sehemu hii ni fupi, na hesabu yake haidanganyi. Ikiwa mfanyakazi hupimwa kila baada ya miezi 6, basi kituo chenye wafanyakazi watatu kitaonyesha vyeti sita kwa mwaka. Vikiwa vitatu, kuna nusu mwaka ambao hatujui. Vikiwa sita lakini vyote vina tarehe moja, msomaji ataelewa mwenyewe.

Kwa wenzangu wanaotoa vyeti hivyo, ombi langu ni kwamba kipimo kisiishie kwenye choo na mkojo. Muulize mfanyakazi wa maziwa kuhusu kikohozi cha zaidi ya majuma mawili, homa za mara kwa mara, na vidonda vya mikono. Mkamuaji na mpokeaji ni wa kwanza kuambukizwa kutoka kwa mnyama. Homa yake ni habari kuhusu zizi kabla ya kuwa habari kuhusu mteja.

Ukanda wa dhahabu una mambo yake

Maelezo mengi kuhusu usafi wa maziwa yaliandikwa kwa ajili ya maeneo ya ng'ombe wa kisasa, ambako mfugaji, kituo na mnywaji hukaa mahali pamoja miaka mingi. Eneo letu halifanani na hayo. Habari zikienea kwamba dhahabu imetoka mahali fulani, huko Mwakitolyo au Nyakagwe, watu maelfu huhamia huko kwa muda mfupi, na wauza maziwa huwafuata. Maziwa ya maboma kumi na mawili humiminwa katika dumu moja, na ng'ombe mmoja mgonjwa anatosha kuliharibu dumu zima. Baada ya miezi michache watu hao wametawanyika kwenda Masumbwe, Chunya au Mererani, na homa zao zimekwenda nao.

Zaidi ya hapo, kuna kemikali. Zebaki imetumika kwa miaka mingi kukamatisha dhahabu. Rwamgasa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa na mradi wa kimataifa wa zebaki wa Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Siku hizi mitambo ya sianidi nayo imeenea. Kemikali hizi huja katika mapipa na madumu, na dumu imara ni mali: likiisha kazi yake ya kwanza, mtu hulitafutia kazi ya pili. Dumu lililowahi kubeba kemikali ya mgodini halifai kubebea maziwa hata likioshwa kwa majivu na maji moto mara saba. Kwa hiyo, katika taarifa ya mwaka ya kituo kilicho ndani ya ukanda huu, orodha ya vyombo isiandikwe kwa mkato. Iandikwe vilinunuliwa wapi na lini, ni vya aluminiamu au plastiki ya chakula, na maji ya kuviosha huchotwa wapi.

Nalitaja jambo la zebaki kwa sababu nyingine pia. Mchimbaji anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki bila kinga huweza kupata kutetemeka mikono, kukosa usingizi na uchovu wa muda mrefu. Mganga anayelijua hilo peke yake atamhesabia kila mchoko kuwa ni wa zebaki. Lakini zebaki ya mvuke haimletei mtu homa inayopanda kila jioni kwa miezi miwili na jasho la kulowesha shuka. Mgonjwa huyo huyo anaweza kuwa na vyote viwili, na kila kimoja kina tiba na kinga yake.

Mganga aisomeje taarifa hiyo

Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waganga waliwaandikia malaria wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7. Malaria halisi ilithibitishwa kwa 14 tu, asilimia 1.6. Kati ya waliochunguzwa, zaidi ya robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokanayo na wanyama, brusela ikiwamo. Moshi si Geita, na huku kwetu malaria bado ni nyingi. Hesabu zile haziwezi kuhamishwa jinsi zilivyo. Linaloweza kuhamishwa ni onyo: homa ambayo haikuulizwa habari za wanyama imeulizwa nusu.

Wengine watasema jibu liko maabara. Ni kweli kwa sehemu. Kipimo cha haraka cha brusela kinachotumika katika vituo vingi, kile cha kuchanganya tone la majimaji ya damu na tone la rangi juu ya kioo, kimeonekana kuwa dhaifu. Utafiti uliofanywa katika vituo vya afya nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo hicho huwaita wagonjwa watu wengi wasio na ugonjwa. Matokeo yake ni kwamba mmoja hunywa dawa za majuma sita bila sababu, na mwingine hukosa kuchunguzwa ugonjwa wake halisi.

Hapa ndipo kitabu cha muuza maziwa kinapoingia katika chumba cha daktari. Kipimo dhaifu huwa na maana kubwa au ndogo kulingana na alivyokuwa mgonjwa kabla hajapimwa. Mtu anayekunywa chai ya mkandaa na hana ng'ombe, kipimo kikionyesha brusela, shaka ni halali. Mtu aliyekunywa maziwa mabichi kutoka kituo ambacho kitabu chake kinaonyesha kwamba wafugaji wake wawili walitupiwa mimba na ng'ombe wao miezi miwili iliyopita, majibu hayo hayo ni ya kuaminiwa zaidi, na mgonjwa apelekwe hospitali inayoweza kuthibitisha. Kutoka kuambukizwa hadi kuugua, brusela kwa kawaida huchukua majuma mawili hadi manne, lakini inaweza kujificha miezi kadhaa. Anayeugua Machi anaweza kuwa alikunywa Novemba. Kitabu kinachotumiwa kuwashia moto mwezi unapokwisha hakimsaidii mtu huyo. Na ndiyo sababu ya kiafya, kando ya ile ya kodi, ya kukihifadhi mwaka mzima na hata baada ya mwaka kwisha.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aligundua kimelea cha homa iliyokuwa ikiwasumbua askari kisiwani Malta, lakini kwa takriban miaka ishirini haikujulikana kilikuwa kikiwafikiaje. Themistocles Zammit, daktari wa Kimalta, ndiye aliyeonyesha mwaka 1905 kwamba mbuzi wa kisiwa hicho, wenye afya nzuri machoni, walikuwa wamebeba kimelea hicho. Mwaka huo huo mbuzi wa Malta walisafirishwa kwa meli kwenda Marekani, na mabaharia waliokunywa maziwa yao njiani wakaugua. Mwaka 1906 maziwa ya mbuzi yaliondolewa katika chakula cha askari, na homa ikapungua ghafla kambini. Raia wa mjini, ambao maziwa yao hayakuandikwa na yeyote, waliendelea kuugua kwa miaka mingi.

Katika zahanati, matumizi yenyewe hayahitaji mashine. Katika kitabu cha wagonjwa, mbele ya kila homa iliyozidi majuma mawili, andika chanzo cha maziwa: jina la kituo au la muuzaji. Wagonjwa watatu wa chanzo kimoja katika mwezi mmoja wanatosha kumpigia simu afisa mifugo wa kata na kumwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya. Brusela ni miongoni mwa magonjwa ya wanyama yaliyopewa kipaumbele na taifa mwaka 2017, hivyo barua hiyo haitakuwa ngeni mezani kwake. Afisa mifugo ndiye atakayefungua kitabu cha kituo na kufuata majina hadi zizini. Jina la mgonjwa lisimfikie muuzaji. Kinachompasa kujua ni tarehe na zizi, basi.

Kwa mnywaji na kwa mgonjwa

Leseni ukutani inakuambia kwamba mtu huyu anajulikana. Haikuambii kwamba maziwa yake yamechemshwa. Muulize. Maziwa yakichemka hadi kupanda, vimelea vya brusela na vya kifua kikuu hufa. Kiwandani, nyuzijoto 63 kwa dakika 30 au 72 kwa sekunde 15 zinatosha. Mtindi uliogandishwa kutokana na maziwa mabichi si salama kwa sababu tu ni mchachu. Uchachu hupunguza vimelea, hauvimalizi kwa uhakika. Anayependa mtindi achemshe kwanza, apoze, ndipo agandishe. Nafahamu kwamba wazee watasema ladha imebadilika, na ni kweli, hubadilika kidogo.

Una haki pia ya kumuuliza muuzaji maziwa ya leo yametoka kwa nani. Mwenye kitabu atakujibu bila kukasirika. Mjamzito aulize zaidi ya wote, kwa sababu brusela inaweza kuharibu mimba ya binadamu pia, na baadhi ya dawa zake hazimfai.

Tukirudi kwa kijana wetu wa Nyarugusu, akithibitishwa kuwa na brusela, tiba ya mtu mzima ni doksisaiklini kwa majuma sita, pamoja na sindano za streptomaisini au jentamaisini katika siku za mwanzo, au pamoja na rifampisini kwa majuma yote sita. Baada ya juma la pili atajisikia mzima na atataka kurudi kwenye duara. Akiacha dawa hapo, ugonjwa una kawaida ya kurudi, na unaweza kukaa kwenye uti wa mgongo, kwenye korodani au kwenye vali za moyo. Kwa hiyo muulize mapema kama anatarajia kuhama, na kwenda wapi, umpe dawa na karatasi ya rufaa vinavyolingana na safari yake. Na katika cheti chake, kando ya tarehe ya kuanza dawa, andika tarehe ya kikombe cha mwisho cha maziwa mabichi na jina la aliyemuuzia.